Kutembea Dar Ni Bure, Ila Andaa Maelezo

Hivi ni nani aliyewaroga watu wa Dar wakaamini kwamba mtu mzima hawezi kutembea kwa miguu mpaka awe amefulia? Maana mimi daktari kaniambia tembea, hajaniambia uza gari, hajaniambia acha kazi, kaniambia tu mzee presha inapanda, sukari nayo inanyemelea, akanipima kiuno kwa ile tepu ya fundi cherehani akaandika namba bila kunionyesha, akasema tuanze na miguu kwanza. Dakika 150 kwa wiki, ndio kiwango cha chini wanachotaka Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima, yaani nusu saa mara tano umemaliza. Nikamuuliza gym je? Akasema gym kama una hela na muda nenda, ila kutembea huhitaji kiingilio, na wala sio lazima nusu saa yote uimalize kwa mkupuo, zamani walikuwa wanasema chini ya dakika kumi mfululizo haihesabiki ila kwenye miongozo ya 2020 hicho kipengele kimetolewa, hata ukienda dukani na kurudi inaingia kwenye hesabu. Nikatoka pale natabasamu, nikajua nimepata dawa ya bure.

Bure yenyewe ndio hii sasa.

Mimi naishi Sinza, ofisi iko njia ya Mwenge, sio mbali kihivyo, nikaona ki-IST kipumzike asubuhi niwe nakanyaga mwenyewe. Hata mita mia sijafika, bodaboda wa kijiweni ananipigia honi, "Bosi, twende." Namwambia natembea tu kaka. "Aah bosi, buku." Sio hela, nafanya mazoezi. Anakuja taratibu pembeni yangu huku pikipiki inanguruma, "Basi toa jero." Kaka nimekwambia nafanya mazoezi. Akanyamaza kidogo, akaniangalia kuanzia kwenye raba mpaka kichwani, halafu akasema kwa huruma kabisa ya kutoka moyoni, "Panda mzee wangu, nakupeleka bure, haya mambo yanatupata wote." Yaani abiria wote waliosimama kituoni wameshasikia kwamba mambo yananipata.

Nikifika mbele kidogo jirani anapita na gari lake, anashusha kioo, foleni nyuma inapiga kelele yeye hana habari, "Baba Neema! Gari liko gereji?" Halipo gereji, lipo nyumbani. "Limegoma kuwaka?" Linawaka. Sasa hapo anashindwa kuelewa, ubongo unakwama, kwa sababu kwa akili ya Dar gari likiwa zima na mwenye gari akawa mzima basi mwenye gari anakuwa ndani ya gari, akionekana nje kuna kitu anaficha. Akaniambia "Haya bwana, Mungu atafungua njia," akafunga kioo.

Kumbe hayo yote cha mtoto. Jioni Mama Neema katuma mtoto kwa Mangi akachukue mchele na mafuta ya kula, aandike kwenye daftari kama kawaida, miaka yote hiyo tunaandikiana na Mangi na mwisho wa mwezi nalipa. Mtoto karudi mikono mitupu. Mangi kasema mwambie baba aje mwenyewe tuongee. Nimeenda, Mangi ananiongelesha kwa upole ambao sijawahi kuuona, "Bosi wangu, mimi sina shida na wewe, ila naona siku hizi unatembea kwa mguu, bora tumalize kwanza hili la nyuma halafu ndio tuandike jingine." Kwa hiyo presha ambayo nimetembea kuishusha asubuhi, Mangi kaipandisha jioni ndani ya dakika mbili, na pale daktari hayupo wa kuja kumweleza.

Ila niwe mkweli kuna faida moja ambayo haipo kwenye miongozo yoyote. Shemeji yangu, mdogo wake Mama Neema, alikuwa ananipiga mizinga kila wiki, leo kodi, kesho mtoto anaumwa, keshokutwa kuna mchongo wa kuku wa kienyeji anahitaji kianzio tu. Tangu habari imfikie kwamba shemeji anaonekana Bamaga anakanyaga lami na begi mgongoni, katulia kimya. Juzi kapiga simu nikasema haya yameanza, kumbe anauliza, "Shem, mnakula lakini?" Nikaguna kidogo, sikujibu moja kwa moja, nikaacha mambo yaeleweke yenyewe.

Halafu tuje kwenye njia yenyewe ya kutembelea, maana watu wanaosema tembea wanaongea kama vile kuna mahali palipotengwa pa kupita miguu. Njia ya waenda kwa miguu ipo, siwezi kudanganya, vile vitofali vimepangwa vizuri kabisa, ila mimi sio mwenda kwa miguu pekee niliyeiona. Unaanza na dada wa miamala na mwavuli wake na kistuli, hapo unashuka barabarani. Unapanda tena, kuna machinga kamwaga viatu vya mtumba juu ya turubai, mguu mmoja mmoja, vya pili anavyo kwenye kiroba, hapo unapita kwa vidole. Baada yake bodaboda kumi wamepaki kwa upana sio kwa urefu. Baada yao kuna mtu anajenga, kamwaga kokoto tangu mwaka jana na ukuta haujapanda hata kozi moja. Halafu ndio unafika kwenye chemba isiyo na mfuniko, mfuniko ulishaenda kwenye chuma chakavu zamani, ila wasamaria wema wamechomeka tawi la mwarobaini liwe alama, na lile tawi limekaa pale mpaka wapita njia wanaelekezana, "shuka pale kwenye tawi". Kusema kweli hii njia inafanyisha zoezi zaidi ya alivyoagiza daktari, kuna kuruka, kuna kuinama, kuna kutembea ubavu, na ukikutana na daladala linalokwepa foleni kwa kupitia huko huko kwenu waenda kwa miguu basi kuna na mbio fupi.

Muda nao ni mtihani. Ukisema utembee mchana, jua la Dar halina utani, saa tatu asubuhi tu shati limeshaganda mgongoni na ofisini wanakusogezea kiti mbali kwa heshima. Jioni kuna moshi wa magari na vumbi. Nikasema basi alfajiri, saa kumi na moja, hewa safi, hakuna bodaboda wa kunionea huruma. Nimetoka getini na fulana na bukta, mitaa miwili tu nikamulikwa tochi usoni, vijana wa ulinzi shirikishi, "Wewe mzee unatoka wapi saa hizi?" Natoka nyumbani. "Unaenda wapi?" Nikasema ukweli, siendi popote, naenda halafu narudi. Ndugu zangu usije ukawajibu hivyo watu wa ulinzi alfajiri. Ilibidi apigiwe simu mjumbe wa nyumba kumi, mjumbe kaamka na usingizi anauliza kaiba nini.

Tuache hayo, tuongee kuhusu huyu jirani yangu mwingine wa chumba cha pembeni, yeye kanunua saa ya mkononi ya kuhesabu hatua na sasa hatulali. Kaambiwa na saa yake hatua 10,000 kwa siku, na saa nne ya usiku ikimwonyesha bado hatua elfu mbili anaanza kuzunguka uani, ndala zinapiga pa pa pa pa, mbwa wa mtaa wa pili wanaitikia, wapangaji wote tumekaa macho tunamsubiri afike. Nikamwambia ndugu yangu, hiyo elfu kumi haikutoka kwenye miongozo yoyote ya afya, ilitoka kwa wafanyabiashara Japani, mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo watu walikuwa na hamasa ya mazoezi, wakatengeneza kimashine cha kuvaa kiunoni kinachohesabu hatua wakakipa hiyo namba kwa sababu inavutia kwenye matangazo. Watafiti wa Marekani walikuja kuwafuatilia akina mama wazee, matokeo yakatoka 2019, waliokuwa wanafikisha kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wale wa 2,700, na ikifika kama 7,500 faida haiongezeki tena. Sasa wewe hizo za usiku unamtembelea nani? Akaniangalia kwa dharau akasema saa yake ni orijino. Kesho yake nikamwona kamfunga mtoto wake ile saa mkononi akamtuma sokoni.

Ila kwa upande mwingine hii habari ya kutembea na moyo ina ukweli wa siku nyingi na ushahidi wake unatoka kwenye basi, kitu ambacho mimi mtu wa daladala tangu shule ya msingi kimenigusa sana. Kulikuwa na daktari Mwingereza anaitwa Jerry Morris, yeye na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakatoa majibu 1953, wakakuta makonda wanaugua moyo kidogo kuliko madereva. Basi ni lile lile, tofauti dereva kakaa kutwa nzima na konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Na huyo Morris mwenyewe kafariki 2009 akiwa na miaka 99 kwa hiyo alijua anachosema. Sasa mimi najiuliza, wangekuja kwetu wangemweka kundi gani konda wa Dar ambaye hapandi ngazi yoyote, kazi yake ni kuning'inia mlangoni kwa vidole vitatu, kupiga bati, kukimbia na gari huku anaita abiria, na kugombana kuhusu chenji ya mia mbili? Moyo wake utakuwa una afya kupita wa twiga, labda sauti ndio iliyoisha. Na mimi abiria niliyesimama kuanzia Ubungo mpaka Kariakoo, shingo upande, kwapa la mtu limeegemea paji la uso, hayo sio mazoezi jamani? Nilimuuliza daktari, akasema hapana, hayo ni mateso tu.

Kitu kingine alichonipa daktari ni kipimo cha mwendo. Anasema utembee haraka kiasi kwamba unaweza kuongea ila huwezi kuimba, ukiweza kuimba bado unatembea kama bibi harusi, ongeza. Au ukipenda kuhesabu, hatua kama 100 kwa dakika. Nikaona hili la kuongea Dar ni rahisi, maana salamu peke yake zinakumaliza pumzi, shikamoo mzee, marahaba, za asubuhi, nzuri, vipi nyumbani, salama, na ukimpita mtu bila kumsalimia kwa sababu unahesabu hatua kesho utasikia unaringa na huku hata gari huna.

Ndipo Mama Neema akasema hivi kwa nini usijiunge na klabu ya jogging, ukiwa na kundi na jezi watu wanajua ni mazoezi hawakuonei huruma. Na kweli, hapo aliongea. Jumapili asubuhi nimevaa jezi ya njano imeandikwa jina la klabu mgongoni, nimepita mbele ya kijiwe kile kile, bodaboda yule yule akapiga makofi, "Kazeni wazee!" Kumbe tatizo ilikuwa fulana tu. Sisi tuko kundi la nyuma, la wenye magoti, tunatembea, wale vijana wanakimbia mbele na filimbi. Ila wanaimba, bwana! Wanaimba kuanzia mwanzo wa safari mpaka mwisho kwa nguvu zote, na kwa kipimo cha daktari wangu hao wote hawajaanza mazoezi bado. Nikamdokeza katibu, akasema mzee hapa bila nyimbo hakuna klabu.

Tukimaliza ni supu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini klabu ina miaka yote hiyo na vitambi havijapungua. Tumetembea kwa jasho, tumefika kwa mama ntilie, mwenyekiti anaagiza supu ya kongoro na chapati mbili, anaongeza ya tatu kwa sababu ya zile mbili, soda ya baridi kabisa kwa sababu ametokwa jasho, na huku ananieleza umuhimu wa mazoezi. Nilijaribu kuwaambia kwamba daktari anashauri kutembea kidogo baada ya kula, hata dakika kumi, kwa sababu misuli ikifanya kazi inachukua sukari kwenye damu haiachi ipande sana. Wakakubali kwa kauli moja kwamba ni wazo zuri, wakaita bajaji.

Sasa wiki hii kwenye grupu imewekwa taarifa. Klabu inakwenda bonanza la matembezi ya hisani, kutembea kilomita tano ufukweni Coco Beach, kila mwanachama atoe elfu kumi na tano ya kukodi Coaster. Nikaandika kwa nia njema kabisa, jamani wanaklabu, kutoka Sinza mpaka Coco Beach kwa miguu si ni matembezi tayari, kwa nini tusianzie hapa tukaokoa hela ya gari? Katibu akanijibu kwa sauti, sio kwa maandishi, akasema kuna watu humu wana mambo yao ya kiuchumi na tunawaombea, ila wasirudishe maendeleo ya klabu nyuma. Wakanitoa kwenye grupu. Jioni mweka hazina kanipigia, nimerudishwa baada ya kutuma mchango wa Coaster, na nimewekewa faini ya supu.