Anayebonyeza "Baadaye" Anataka Nini?

Mwezi uliopita, nikiwa kwa fundi simu mmoja wa Kariakoo nikisubiri kubadilishiwa kioo, aliingia mama anayepika chakula cha mchana na kukipeleka maofisini. Simu yake haikuwa imeharibika. Ilikuwa imesasishwa usiku, na tangu asubuhi mlio wa ujumbe wa malipo ulikuwa hausikiki, alama alizozizoea zilikuwa zimehamishwa, na kila alipotaka kupiga picha aliambiwa nafasi imejaa. Fundi alimuuliza kama alilikubali sasisho mwenyewe. "Iliniuliza usiku," akajibu, "nikakubali ili iniache nilale."

Jibu hilo hunirudia kila ninaposoma maelezo ya wataalamu kuhusu watu wanaoahirisha kusasisha simu zao, kwa sababu karibu kila mara maelezo hayo huwagawa watumiaji mafungu mawili: wanaojali usalama wao, na wazembe wanaobonyeza "Baadaye" wiki baada ya wiki. Kwa mgawanyo huo, mama yule ni mzembe aliyejirekebisha usiku mmoja. Mimi naona alikuwa na maoni yake, ila simu haikumpa mahali pa kuyasema.

Hoja ya usalama ni nzito na sina nia ya kuipunguza. Google ilianza kutoa viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya programu, vya kila mwezi Agosti 2015, baada ya kufichuka kwa udhaifu uliopewa jina la Stagefright, ambao uliwezesha simu ya Android kushambuliwa kwa kutumiwa ujumbe wenye video tu. Tarehe 13 Septemba 2021 Apple nayo ilitoa iOS 14.8, toleo la mfumo unaoendesha iPhone, kuziba tundu lililogunduliwa na watafiti wa Citizen Lab wa Toronto, tundu lililokuwa likiipitisha programu ya kijasusi ya Pegasus bila mwenye simu kugusa chochote. Kiraka kikishatangazwa, anayechelewa kukiweka huwa hatarini zaidi kuliko jana yake, maana kiraka chenyewe huwaonyesha wahalifu tundu lilipokuwa.

Lakini kiraka mara nyingi hakiji peke yake. Huja kimefungwa pamoja na sura mpya, arifa zilizopangwa upya, programu ambazo hakuna aliyeziomba, na gigabaiti kadhaa za kupakua kwa bando la kulipia. Ni sawa na kumwita fundi atengeneze kitasa, ukarudi jioni ukakuta amehamisha na vyombo vya jikoni. Kwa muda mfupi Apple yenyewe ilionyesha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa: iOS 15 ilipotoka tarehe 20 Septemba 2021, wiki moja tu baada ya kiraka kile cha Pegasus, mtumiaji aliruhusiwa kubaki kwenye iOS 14 na kuendelea kupata marekebisho ya usalama. Kufikia Januari 2022 mlango huo ulikuwa umefungwa, na kampuni ikaeleza kwamba tangu mwanzo ulikusudiwa kuwa wa muda. Sijui kama kuna uamuzi mwingine wa miaka hiyo uliowagusa zaidi watu wa aina ya yule mama na ukasemwa kidogo namna hiyo.

Wanaodai kwamba watu huahirisha kwa kutojali tu wangetazama kwa makini takwimu za mwaka 2014. iOS 8 ilitoka tarehe 17 Septemba, na kufikia tarehe 21, kwa hesabu za Apple kutoka kwenye duka lake la programu, tayari ilikuwa kwenye asilimia 46 ya vifaa. Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Oktoba, ilikuwa asilimia 47. Asilimia moja kwa wiki mbili! Wapenzi wa mapya walikuwa wamekwisha kusasisha siku za mwanzo. Waliobaki ni wale wenye kupima kwanza, na walipopima waliona nini? Kulisakinisha kupitia simu yenyewe kulihitaji takriban GB 4.6 ziwe wazi, wakati watu wengi walikuwa na simu za GB 16, ambazo mfumo ulikwisha kula sehemu yake kabla mwenye simu hajaweka hata picha moja. Aliyetaka sasisho bila kutafuta kompyuta alitakiwa achague picha za kufuta. Katikati ya wiki hizo hizo, tarehe 24 Septemba, likatoka sasisho dogo la 8.0.1 lililokata mtandao wa simu kwenye iPhone 6 na 6 Plus, likaondolewa baada ya muda wa kama saa moja. Apple ilisema vifaa vilivyoathirika havikufika 40,000, idadi ndogo kwa kampuni ile, lakini habari yake ilimfikia kila aliyekuwa bado anasitasita. Haiwezekani kutenga kwa uhakika nafasi ilichangia kiasi gani na hofu kiasi gani. Hata hivyo, mwaka uliofuata Apple ilishusha nafasi inayohitajika na iOS 9 hadi GB 1.3, nayo ikavuka nusu ya vifaa ndani ya siku tatu. Walioitwa wagumu walikuwa wanasubiri sababu.

Hata imani kwamba sasisho "linachosha simu" si uzushi wa vijiweni. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisijizime ghafla. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10, na Samsung euro milioni 5, kuhusiana na masasisho yaliyozorotesha simu za zamani.

Upande wa watengenezaji una hoja moja inayonisumbua kuliko zote, nayo si ile ya gharama, ingawa gharama za kutunza matoleo mawili kwa wakati mmoja ni za kweli. Ni kwamba baadhi ya ulinzi hauwezi kuja kama kiraka. Android 6 ya mwaka 2015 ilimpa mtumiaji uwezo wa kukatalia programu ruhusa moja moja, kamera peke yake na majina ya simu peke yake, badala ya kukubali zote kwa mkupuo wakati wa kusakinisha. Hayo yalikuwa mabadiliko ya mfumo mzima pamoja na mazoea ya mtumiaji, na aliyeng'ang'ania toleo la tano kwa sababu alilizoea aliyakosa. Mtu akisema "nipeni usalama bila mabadiliko", kuna siku atakuwa anaomba kisichowezekana.

Siku hizo zipo, lakini si kila siku. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, Google imeweza kurekebisha sehemu kadhaa za mfumo kupitia Play, duka lake la programu, bila kuugusa mfumo wote, na Januari 2023 Apple ilitoa iOS 12.5.7 kwa ajili ya iPhone 5s, simu iliyoingia sokoni Septemba 2013. Ujuzi wa kutengeneza kitasa peke yake upo.

Kuna pia wasiopata hata hiyo nafasi ya kuahirisha. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unataka simu mpya zinazoingizwa sokoni kwake zipate masasisho kwa angalau miaka mitano tangu modeli husika iache kuuzwa. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa kwetu hazina ahadi ya kufanana na hiyo, na wenye nazo wangefurahi kusumbuliwa usiku.

Yule mama alitoka dukani ameridhika. Fundi alimfutia video za magrupu ya WhatsApp, akamrudishia mlio wa ujumbe, kisha akaingia ndani kabisa ya mipangilio na kuzima usasishaji wa kiotomatiki ili yasijirudie. Nilichungulia kioo chake wakati anafanya hivyo. Swichi ilikuwa moja, ya sura mpya na ya viraka vya usalama pamoja.