Deni la malipo ya ulemavu yaliyozidi: kosa libebwe na nani?

Katika barua zote ambazo mtu mwenye ulemavu nchini Marekani huletewa na Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, SSA, ni chache zinazotia hofu kama ile inayomweleza kwamba kwa miezi au miaka kadhaa alilipwa kuliko alivyostahili, na kwamba sasa anatakiwa kurudisha. Deni hilo laweza kuwa dola mia chache. Laweza pia kufika makumi ya maelfu. Swali la serikali idai kwa ukali kiasi gani limebishaniwa sana tangu mwaka 2024, na linawahusu wasemaji wa Kiswahili walioko huko, hasa familia zilizotoka Kongo zikiwa za wakimbizi, ambazo baadhi ya wazee na wagonjwa wao wanaishi kwa msaada wa SSI, yaani malipo ya kila mwezi kwa wazee na watu wenye ulemavu walio na kipato na mali kidogo.

Tuanze na hoja ya serikali, kwa kuwa ina uzito. Mafao ya SSDI, yaani bima ya ulemavu ya waliowahi kufanya kazi na kuchangia, hutoka katika mfuko unaojazwa na makato ya mishahara ya wafanyakazi, na SSI hutoka katika kodi za wote. Fedha iliyolipwa pasipo haki ni ya watu wengine, na sheria inaiagiza SSA iirudishe. Mkaguzi mkuu wa mamlaka hiyo alieleza mwaka 2024 kwamba kati ya miaka ya fedha 2015 na 2022 malipo yasiyo sahihi, mengi yakiwa ya ziada, yalifikia karibu dola bilioni 72, na kwamba dola bilioni 23 zilikuwa bado hazijakusanywa. Hata hivyo, kiasi hicho cha kwanza hakifiki asilimia 1 ya mafao yote yaliyolipwa katika miaka hiyo, na mtu akikitaja bila kueleza hilo, msikilizaji atadhani mfumo mzima umeoza.

Upande wa pili unaeleweka vizuri zaidi tukitazama jinsi malipo ya ziada yanavyozaliwa. Mpokeaji wa SSI asiye na mwenzi haruhusiwi kuwa na mali inayohesabika inayozidi dola 2,000, na wenzi wawili dola 3,000. Viwango hivyo havijaguswa tangu mwaka 1989. Sasa mfikirie mama anayepokea SSI ambaye jamaa wamemwamini awatunzie mchango wa msiba katika akaunti yake ya benki. Kwa kanuni, fedha anazomshikia mtu mwingine si mali yake, lakini kazi ya kuthibitisha hivyo ni yake, na michango yetu mara nyingi huendeshwa kwa simu na kwa kuaminiana, bila karatasi. Au mfikirie aliyekwenda Bukavu kumzika ndugu yake akakawia: akiwa nje ya Marekani kwa siku 30 mfululizo, SSI yake husimama, na haianzi tena mpaka awe amerudi na kukaa nchini siku 30 mfululizo. Asipotoa taarifa, na malipo yakaendelea kuingia benki, deni limeanza kukua. Katika mifano hii miwili simwoni mwizi. Ninamwona mtu aliyetimiza wajibu wake kwa jamaa zake chini ya kanuni ambayo haikuwafikiria watu wanaoishi kwa namna hiyo.

Kwa SSDI chanzo kikubwa ni kazi. Mpokeaji huruhusiwa miezi 9 ya kujaribu kazi bila kupoteza mafao. Baada ya hapo, kipato kinachozidi kiwango kilichowekwa, dola 1,620 kwa mwezi mwaka 2025 kwa asiye kipofu, chaweza kumwondolea haki ya malipo. Wapo wasiotoa taarifa kwa makusudi, na sioni sababu ya kuwatetea. Lakini wapo pia waliopeleka hati za mshahara kila mwezi, zikalala ofisini, kisha miaka ikapita kabla mtu yeyote hajazisoma. Bunge liliipa SSA idhini mwaka 2015 ya kupata taarifa za mishahara moja kwa moja kutoka kwa kampuni zinazozihifadhi. Kanuni ya kuitekeleza ilikamilishwa mwishoni mwa mwaka 2024. Katika karibu muongo mzima huo, madeni ambayo yangeweza kuzuiwa mapema yaliendelea kulimbikizwa juu ya watu wasio na akiba ya kuyalipa.

Ndiyo maana kuyumba kwa sera kati ya mwaka 2024 na 2025 kunanisumbua. Mwezi Machi 2024 Martin O'Malley, aliyekuwa Kamishna wa SSA, aliondoa utaratibu wa kukata asilimia 100 ya malipo ya mwezi ya mdaiwa na kuweka asilimia 10. Machi 2025 uongozi mpya ulitangaza kurudi kwenye asilimia 100, ukieleza kwamba makusanyo yangeongezeka kwa dola bilioni 7 hivi katika muongo mmoja. Wiki chache baadaye kiwango kikashushwa hadi 50. SSI ilibaki kwenye 10. Mtu anayepokea SSDI ya wastani, ambayo mwaka 2025 ilikuwa kama dola 1,580, akikatwa nusu hubakiwa na chini ya dola 800 za kodi ya nyumba, chakula na dawa. Bilioni 7 ni fedha nyingi, lakini sehemu yake itatoka kwa watu watakaohitaji kusaidiwa upya na mifuko mingine ya umma, na gharama hiyo haionekani katika hesabu ya makusanyo.

Sheria yenyewe ina njia ya kati, nayo ni msamaha wa deni kwa mtu asiye na kosa, ikiwa kulilipa kutamnyima mahitaji ya lazima au hakutakuwa haki. Kanuni zinaagiza kwamba katika kupima kosa, umri, ulemavu, elimu na hata uwezo mdogo wa kujua Kiingereza vizingatiwe. Kanuni hizo hizo, lakini, zinasema kwamba kosa la SSA peke yake halimwondolei mpokeaji wajibu wa kulipa. Hapa ndipo ninapotofautiana nazo: mtu akiwa na stakabadhi kwamba alitoa taarifa kwa wakati, deni lililokua baada ya tarehe ile libaki mikononi mwa ofisi iliyonyamaza.

Kwa sasa hiyo si sheria, kwa hiyo aliyepokea barua asiiweke kando. Anayeona hesabu si sahihi ana siku 60 za kukata rufaa. Anayekubali hesabu lakini hana kosa wala uwezo anaweza kuomba msamaha wakati wowote, na akiwasilisha ombi lolote kati ya hayo ndani ya siku 30, makato hayaanzi mpaka uamuzi utolewe. Mkalimani wa Kiswahili hutolewa na SSA bila malipo, na ni bora kumtumia yeye kuliko kumtwika mtoto wa shule kazi ya kutafsiri mambo yatakayoamua kama familia itabaki na kodi ya nyumba mwezi ujao.

Limebaki suala la zile dola 2,000. Wabunge wa vyama vyote viwili wamewahi kuleta muswada wa kuzipandisha hadi 10,000 kwa mtu mmoja, na haujapitishwa. Ukipita, madeni mengi hayatazaliwa kabisa, na maofisa watapata muda wa kuwafuatilia wale waliodanganya kweli.