Kusafisha mbegu za kiume: mashine ya zamani au chipu mpya?

Mzanzibari anayevuka bahari kwenda Dar es Salaam, Nairobi au India kutafuta mtoto kwa IVF, yaani kutungisha mimba nje ya mwili, anaweza kuulizwa jambo ambalo nyumbani hakuwahi kulisikia: manii ya mume yasafishwe kwa mashine ya kuzungusha, kama ilivyozoeleka, au kwa chipu, kifaa kidogo chenye vijia vyembamba, kinacholipiwa ziada? Wanaoitetea chipu wanasema mashine inakata vinasaba vya mbegu. Wanaoipinga wanasema ni biashara ya kuwakamua wenye shida. Kila upande una hoja, ila hoja hizo hazina uzito uleule kwa kila mume.

Kwetu suala hili ni zito. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu mimba kutungishwa nje ya mwili kwa mume na mke walio ndani ya ndoa, likakataza mbegu au yai la mtu wa tatu. Familia nyingi za Unguja na Pemba zinashika msimamo huo. Basi mume mwenye mbegu dhaifu hana pa kukimbilia. Ni hizohizo zake. Na linaloniuma ni kwamba lawama bado anabebeshwa mke. Mawifi wananong'ona, mume anashauriwa aongeze wa pili, naye mwenyewe hajapimwa hata mara moja.

Mbegu iliyokomaa haina uwezo wa maana wa kujitengeneza. Uzi wa kinasaba ukikatika, hubebwa hivyohivyo hadi ndani ya yai, na yai ndilo linalojaribu kuunga. Yai la mke kijana huunga vizuri zaidi. Umri ukisogea, uwezo huo hupungua. Mikato ikizidi, kiinitete kinaweza kusimama njiani au mimba ikaharibika.

Ukisimama karibu na meza ya maabara utaelewa mabishano yanaanzia wapi. Mtaalamu hutia kwenye tyubu maji mazito, tabaka lenye ukolezi wa asilimia 80 chini na la asilimia 40 juu yake, kisha manii juu kabisa, taratibu, tabaka zisichanganyike. Tyubu huzungushwa kama dakika 20. Mbegu zilizofungika vizuri ni nzito, hupenya hadi chini. Zilizokufa na chembe nyeupe za damu hukwama juu. Kwa wanaume wengi, kinachopatikana chini ni bora kuliko kilichotiwa. Lakini mwaka 1988 John Aitken na Clarkson walionyesha kuwa kuzungusha manii ghafi, mbegu nzima zikagandamizwa pamoja na mbovu na chembe nyeupe, huzalisha kemikali kali za oksijeni zinazoziumiza. Tabaka zilipunguza tatizo hilo, hazikulimaliza: tafiti za baadaye zilikuta wanaume ambao vinasaba vya mbegu zao vilikatika zaidi baada ya kuzungushwa.

Chipu haizungushi kitu. Manii huwekwa upande mmoja, na mbegu zenye nguvu huogelea zenyewe kupita kwenye vijia vyembamba. Vipimo vya maabara vimekuta mara kwa mara kuwa zinazofika ng'ambo zina mikato michache sana. Hapo watetezi wake wako sahihi, na sioni haja ya kubishana nao.

Ila aliyetoka Wete akapanda boti hakufuata asilimia ya vinasaba, amefuata mtoto. Kwenye idadi ya watoto wanaozaliwa, majaribio ya chipu hayajakubaliana. Na mume mwenye mbegu chache mno anaweza kuishia na kiganja kitupu, kwa kuwa nyingi hazifiki ng'ambo.

Tuna funzo kutoka njia nyingine ya kuteua mbegu bora, ile ya kuzinasa kwa hialuronani, kemikali ambayo kwa kawaida hulizunguka yai. Jaribio la HABSelect la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019, lilihusisha wenzi 2,772. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka kwa kiasi cha kuaminika. Mimba zilizoharibika, hata hivyo, zilikuwa kama asilimia 4 badala ya 7. Hilo halikuwa swali kuu la jaribio, kwa hiyo lishikwe kwa tahadhari, lakini siwezi kulipuuza.

Kwa hiyo wenzi wanaoanza, mke bado kijana na vipimo vya mume si vibaya, sioni kwa nini wauze kiwanja kulipia chipu. Mashine ikiendeshwa na mikono makini inatosha. Ambao mimba zimeharibika mara kwa mara, au mume amepimwa mikato ikaonekana mingi, hao ningewaambia waiulizie. Kabla ya hapo mume aache sigara na atazamwe mishipa ya korodani kama imevimba, maana mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa.

Na aende mwenyewe. Manii yanatakiwa kufika maabara ndani ya saa moja. Boti ya Unguja hadi Dar peke yake inapita muda huo. Akifika aulize pia mbegu zikishasafishwa zitakaa saa ngapi kwenye joto la nyuzi 37 kabla ya kukutana na yai, kwa sababu muda huo ukirefuka vinasaba huendelea kukatika, ziwe zimetoka kwenye mashine au kwenye chipu.