Kabla hujaifuta seva, soma logi

"Mzee, naipiga chini, naanza upya."

Ilikuwa mara ya tatu. Kijana alikuwa kwenye chumba cha seva cha ofisi moja hapa Tabora, yenye matawi Nzega, Urambo, Sikonge na Kaliua. Seva ya barua pepe aliyoanza kuisimika Ijumaa ilikuwa imegoma mpaka Jumanne. Nikamuuliza kwenye simu, logi, yaani faili ambamo seva hujiandikia kila kinachotokea, inasemaje? Kimya. Halafu: "Logi gani, mzee?"

Nikachukua bodaboda.

Nina ugomvi wa siku nyingi na tabia hii. Wengi wetu tuliojifunzia kazi mtaani tumelelewa na kompyuta za wateja: ikisumbua unapiga Windows upya, mteja anafurahi, unalipwa, unaondoka. Kwenye seva inayohudumia wilaya nne, kufuta ni kuchoma ushahidi. Na safari hii kulikuwa na kichekesho juu yake, kwamba huko kuanza upya ndiko kulikokuwa kukilirudisha kosa lenyewe.

Ukisimika Ubuntu, mfumo endeshi wa seva ile, yenyewe hujiandikia kwenye faili la /etc/hosts mstari unaolifungamanisha jina la mashine na anwani 127.0.1.1, yaani "mimi mwenyewe". Kwa kompyuta ya mezani haina neno. Lakini programu ya barua aliyokuwa akiisimika ni mkusanyiko wa huduma zinazoitana kwa jina. Moja ilikuwa inasikiliza kwenye anwani ya mtandao wa ofisi. Mwenzake akiita jina anaelekezwa 127.0.1.1, anakuta hakuna mtu. Kila kijana alipoanza upya, Ubuntu ikauandika mstari uleule. Tulibadili anwani moja, ile ya kwenye mstari huo, tukaweka ya mtandao wa ofisi, usimikaji ukapita. Dakika tano hivi, tatu kati ya hizo nikitafuta miwani.

Kilichotuonyesha njia ni maneno kwenye logi: muunganisho umekataliwa. Watu huyasoma kama "imegoma" tu. Hapana. Kukataliwa ni kupiga hodi ukajibiwa kutoka ndani, "hapa hakai." Nyumba umeifikia, ila mlango huo hauna mwenyewe. Logi ikisema muda umeisha, hapo umepiga hodi hukujibiwa kabisa: kuna fayawoli, mlinzi wa mtandao, njiani inameza, au njia yenyewe haipo. Ni magonjwa mawili, na dawa zake mbalimbali.

Hilo la pili lilitupata baada ya siku chache. Barua za tawi kwa tawi zilikuwa zinaruka, za nje hazitoki, na hakuna aliyelalamika. Postfix, huduma ya kusafirisha barua iliyokuwa ndani ya programu ile, isipoambiwa vingine huishikilia barua kwenye foleni siku 5, ikijaribu kimyakimya, ndipo imrudishie mtumaji. Mhasibu alimtumia mteja bei Jumatano. Ikamrudia Jumatatu, keshavaa vizuri anakwenda kikao na mteja huyohuyo. Sitasahau alivyonitazama.

Safari hii kijana hakufuta kitu. Alifungua logi mwenyewe, akasoma kwa sauti: muda umeisha, poti 25. Huo ndio mlango ambao seva hupelekeana barua. Akajaribu seva tatu tofauti za nje, zote vilevile. Akajaribu poti 443, mlango wa tovuti, ikapita. Basi si kebo, si swichi. Watoa huduma wengi wa intaneti huifunga poti 25 ya kutokea ili kuzuia barua taka, na wetu alikuwa mmoja wao.

Tukampigia. Dada wa huduma kwa wateja, mpole kweli, akasema inafunguliwa kwa maombi maalumu. Nikamkumbusha kuwa tutahitaji na rekodi ya PTR, ile inayoitafsiri anwani ya IP kurudi kwenye jina, maana bila hiyo seva nyingi za nje zitatukataa hata poti ikifunguliwa. Akasema hakuna shida, vyote vinaombwa pamoja.

"Mtume tu barua pepe, kaka, kutoka anwani rasmi ya ofisi."

Kijana akaiziba simu kwa kiganja ili asisikike akicheka.