Mtoto Anazuiwa Getini, Mtu Mzima Mwenye Mafua Anapita

Saa ya kuona wagonjwa ikifika, mlinzi hatazami nani anakohoa. Anatazama kimo. Julai, baridi ya asubuhi na vumbi la Tabora vikiwa vimeshika kasi, nilipanga foleni kwenye hospitali moja mkoani humu nyuma ya bibi aliyetoka Kaliua na mjukuu wa miaka kama mitano. Mama wa mtoto alikuwa amelazwa. Mtoto akazuiwa, maana watoto hawaruhusiwi kuingia wodini. Bibi hana ndugu mjini, mkononi ana hotpoti ya uji, basi akamwacha mjukuu chini ya mwembe kwa muuza chapati ambaye hata jina lake halijui. Mimi siku hiyo nilikuwa na mafua. Nilipita.

Hata hivyo hospitali ina hoja nzito. Mtu mzima mwenye homa ya mafua huanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya, akaendelea kwa siku tano hadi saba. Mtoto mdogo anaweza kutoa virusi kwa siku 10 na zaidi, na mikono yake haitulii: mara chuma cha kitanda, mara kikombe cha mgonjwa, mara puani. Na wodini wamelala mjamzito, mwenye selimundu, mzee wa kisukari, kichanga. Chanjo ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wetu, na hata nchi zinazoitoa hazimchanji mtoto aliye chini ya miezi 6. Kinga ya kichanga ni usafi na afya ya wanaomsogelea. Tena mtoto mgeni naye yuko hatarini: kirusi cha surua hukaa hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani.

Wapo wanaosema tufanye kama hospitali nyingi za Marekani, zinazozuia watoto msimu wa mafua na kufungua milango baridi ikiisha. Siafiki. Huku karibu na ikweta mafua hayana msimu mmoja wa kuhesabia; huzunguka sehemu kubwa ya mwaka.

Ila kuna jambo ambalo katazo hili halilioni. Kwetu ndugu anayekuja hospitali haji kusalimia tu. Ndiye jiko la mgonjwa, ndiye anayemfulia, anayemgeuza kitandani na kukimbilia dawa iliyokosekana dirishani. Ukimzuia mtoto aliyekuja naye, umemzuia mhudumu, na uji unapoa getini. Na yule mtoto hajaepushwa na chochote: amekuja kwenye basi lililojaa vikohozi, sasa amekaa na mtu asiyemjua, huku nyumbani aliambiwa mama amesafiri.

Kwa maoni yangu, wodi ya vichanga ibaki marufuku kwa watoto, bila kubembelezana. Kwingineko swali liwe ni dalili, siyo umri, na liulizwe kwa wote, nami nikiwemo. Najua mlinzi mmoja mbele ya umati wa saa sita mchana hawezi kumhoji kila mtu. Kimo kinaonekana, homa haionekani. Ndiyo maana tegemeo langu kubwa ni veranda. Mgonjwa anayeweza kutembea atolewe nje, akae kwenye benchi, amwone mwanawe kwenye hewa inayopita, kila mmoja akiwa amenawa kwa sabuni. Gharama yake ni benchi, ndoo yenye koki na dakika kumi.

Asiyeweza kuinuka ndiye ananiumiza kichwa. Kwake ningemwachia uamuzi nesi wa zamu badala ya mlinzi, kwa sababu nesi ndiye anayejua nani amelala kitanda cha pili.