Mayai ya tetere wa Botumirim: kuyachukua au kuyaacha?

Ni tetere mdogo kuliko pugi, sentimita 15 na nusu tu, macho ya samawati na madoa ya buluu iliyoiva mbawani. Wabrazil humwita rolinha-do-planalto. Tangu 1941 hakukuwa na uthibitisho wa kuonekana kwake, mpaka 2015 mtaalamu wa ndege Rafael Bessa alipomkuta Botumirim, jimbo la Minas Gerais, Brazil. Idadi inayojulikana haifiki ndege 50, hivyo yumo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2018 SAVE Brasil, shirika la kulinda ndege, lilinunua sehemu ya ardhi anakoishi, na jimbo likatenga hifadhi ya zaidi ya hekta 35,000. Mwaka 2023 mayai yalitolewa viotani na makinda yakalelewa Parque das Aves, bustani ya ndege iliyoko Foz do Iguaçu. Je, inafaa?

Wanaounga mkono wana hoja nzito: ndege wote wako mahali pamoja, na moto mmoja wa kiangazi unaweza kuwamaliza. Tena yai si sawa na ndege mzima. Jozi za tetere zikipoteza mayai mapema kwa kawaida hutaga tena, kwa hiyo hasara ni ya siku chache. Ukichelewa hadi mwishoni mwa msimu, hesabu hiyo inavunjika.

Kazi ngumu huanza yai likishaanguliwa. Kifaranga wa kuku utamwagia chenga za chakula ale mwenyewe. Kinda la tetere siku za kwanza huishi kwa maziwa ya gole, yaani ya mfuko wa chakula ulioko kooni mwa ndege, ambayo baba na mama wote hutoa. Binadamu anayelilea huyaiga kwa uji mwepesi wa uvuguvugu kupitia mrija. Ukiwa mzito, gole huziba. Ukipoa, huchachia humo humo. Ukisukumwa haraka, huingia kwenye njia ya hewa.

Basi kinda lipewe tetere wa aina nyingine alilee? Inawezekana, ila mlezi awe ameatamia siku zinazolingana, maana maziwa huja mayai yakikaribia kuanguliwa. Tena kimelea cha trikomonasi, kisichomsumbua mlezi, hupita kwenye maziwa hayo na kuua kinda. Likipona, huenda likakua likitafuta mwenza wa aina ya mlezi wake.

Wapinzani hutaja pia undugu: mayai ya jozi chache huzaa kundi la ndugu. Na kizimba hakitengenezi pori. Njiwa wa kisiwa cha Socorro, Mexico, alionekana porini mara ya mwisho 1972. Aliyebaki ni wa vizimbani. Mfano huo hukata kuwili, kwani bila vizimba asingekuwepo kabisa.

Mimi niko upande wa kuchukua mayai, ila ya mwanzo wa msimu tu, na ndege wazima wasiguswe. Kila jozi iandikiwe tarehe ya kuchukuliwa mayai na tarehe ya kutaga tena. Isiyotaga tena, kiota chake kiachwe msimu unaofuata.