Pedeli bapa au pedeli za kliti: hoja ya nguvu imetupotosha

Kati ya 2017 na 2019 Sam Hill wa Australia alitwaa taji la Enduro World Series, mashindano ya baiskeli za milimani, misimu mitatu mfululizo akikanyaga pedeli bapa, zile ambazo mguu unakaa juu tu bila kufungwa. Miaka hiyohiyo mitatu Nino Schurter wa Uswisi alikuwa bingwa wa dunia wa kroskantri ya milimani, na viatu vyake vilikuwa vimenaswa kwenye pedeli kwa kliti, vipande vidogo vya chuma vilivyofungwa chini ya soli. Basi kila upande una shahidi wake. Ukitaka kumnyamazisha mwenye kliti unamtajia Hill. Ukitaka kumnyamazisha mwenye pedeli bapa unamtajia Schurter, na mabishano yanaendelea mpaka chai inapoa.

Mashahidi hao, hata hivyo, hawakuitwa kwenye kesi moja. Katika enduro saa inahesabu vipande maalumu tu, na vingi vyake ni vya kuteremka. Kupanda ni safari ya kufika mahali pa kuanzia kipande kinachofuata kabla muda uliopangwa haujapita. Katika kroskantri ya Olimpiki watu wote huanza pamoja, mbio huchukua kama saa moja na nusu, na sekunde uliyoipoteza kwenye mwinuko ni yako peke yako kuitafuta. Hill alilipwa kwa kushuka. Schurter alilipwa kwa vyote viwili, na sehemu kubwa ya muda wake ilikwenda kwenye kupanda. Kabla ya kuuliza bingwa anakanyaga nini, uliza kazi yake ni ipi, kisha ujiulize wewe Jumamosi asubuhi una kazi gani ukiwa msitu wa Karura au vilima vya Ngong kule Kenya, au Lushoto kule Tanzania.

Kwa asiyezifahamu: pedeli bapa ya milimani ni sahani pana ya alumini au nailoni ngumu, yenye vijino vya chuma juu na chini vya kuuma soli. Siyo ile ya plastiki inayokuja na baiskeli ya dukani au ya kukodi. Nasisitiza hilo kwa sababu wengi wanaoapa kwamba pedeli bapa zinateleza hawajawahi kukanyaga nyingine zaidi ya hiyo ya plastiki, tena wakiwa wamevaa raba za kukimbilia. Pedeli ya kliti ina mdomo wenye springi. Kliti yenyewe ni kipande kidogo cha chuma kilichofungwa chini ya kiatu kwa skrubu mbili. Ukikanyaga kinanasa kwa mlio, na ukitaka kutoka unazungusha kisigino kuelekea nje. Kampuni ya LOOK ya Ufaransa ilileta mfumo wa namna hii kwa baiskeli za barabarani mwaka 1984, na Bernard Hinault akashinda nao Tour de France mwaka uliofuata. Kampuni ya Shimano ya Japani ikatoa mfumo wake uitwao SPD mwaka 1990, ikiwa na kliti ndogo inayozama ndani ya soli ili mtu aweze kutembea, na hapo mfumo ukapanda mlimani.

Hoja inayotangulia kila mara ni ya nguvu. Mwenye kliti atakwambia yeye anasukuma chini na kuvuta juu, kwa hiyo mzunguko mzima wa pedeli unazaa nguvu, ilhali mwenye pedeli bapa anatupa nusu yake. Ni maneno matamu. Vipimo vinasema vingine. Utafiti ulioongozwa na Thomas Korff na kuchapishwa mwaka 2007 uliwapima waendesha baiskeli wanane wakikanyaga kwa mitindo tofauti, ukiwemo wa kuvuta juu makusudi. Walipovuta, nguvu ilielekezwa vizuri zaidi kwenye mzunguko, lakini mwili ulitumia nishati nyingi zaidi kwa kazi ileile. Misuli inayoinua paja haiwezi kushindana na ile inayolisukuma. Mwendeshaji mzoefu akiwa kwenye mwendo wake wa kawaida havuti sana. Anachofanya ni kuupunguzia uzito mguu unaopanda ili usimlemee mwenzake anayeshuka, na hilo unaweza kulifanya hata na kandambili.

Lakini tusiwapunje wenye kliti. Kwenda saa tatu kwa mwendo mmoja ni jambo moja. Kupita mwinuko wenye mizizi ni jambo jingine. Gurudumu la nyuma limegota kwenye mzizi, pedeli iko mahali pabaya, na unahitaji robo tu ya mzunguko ili baiskeli isisimame. Anayeweza kuinyakua pedeli kutoka nyuma atapita. Asiyeweza atashuka asukume. Ndivyo ilivyo pia katika kukimbizana mita za mwisho, ambako mguu ulionaswa unaweza kukoroga pedeli kwa fujo yote bila kuchomoka. Faida ipo. Ni ya sekunde chache hapa na chache pale, na mtu anayekuuzia kliti kwa ahadi kwamba safari nzima itakuwa nyepesi anakuuzia kitu ambacho hakimo kwenye boksi.

Kwa maoni yangu faida kubwa kabisa ya kliti iko kwenye kuteremka, mahali ambapo wauzaji hawapazungumzii sana. Shuka kwa kasi kwenye njia ya mawe ukiwa na baiskeli isiyo na shokapu ya nyuma, yaani baiskeli waliyo nayo wengi wetu, utaona namna miguu inavyorushwa. Kila jiwe linaipiga baiskeli kutoka chini, na mguu unaohama hata kidogo juu ya pedeli unakulazimisha kuupanga upya wakati macho yako yalipaswa kuwa mita kumi mbele. Aliyenaswa hana kazi hiyo. Anaweza pia kukanyaga mara mbili tatu katikati ya mawe bila wasiwasi. Ndiyo maana wateremkaji wengi wa kiwango cha dunia wanatumia kliti, kama alivyofanya Greg Minnaar wa Afrika Kusini mwenye mataji manne ya dunia. Kama hoja ya nguvu ingekuwa ndiyo yenye uzito, watu hawa, ambao mvutano wa dunia unawafanyia nusu ya kazi, wangekuwa wa kwanza kuzitupa.

Hill anafanyaje basi? Anashusha visigino. Kisigino kikiwa chini ya pedeli na goti likiwa limelegea, kila pigo la jiwe linausukuma mguu uingie kwenye vijino badala ya kuuondoa. Na anapotaka kuinua gurudumu la nyuma, vidole vinaelekea chini na soli inasukuma nyuma dhidi ya vijino huku mwili ukisogea mbele, baiskeli inafuata. Huu ni ufundi wa kufundishwa na kurudiarudia. Ukiukosa, pedeli bapa haikuwekei deni mpaka kesho: mguu unaruka, pedeli inazunguka, vijino vinakutana na ugoko. Makovu ya ugoko ni kitambulisho cha watu hawa, na jeraha lililoingia udongo linahitaji kuoshwa vizuri na mtu kujua kinga yake ya pepopunda ikoje. Sioni sababu ya kulifanyia mzaha.

Kliti inakusamehe hayo yote, na msamaha huo una gharama. Aliyeanza na kliti huinua baiskeli kwa kuvuta miguu tu. Gogo dogo anapita. Gogo likiwa kubwa, mvuto wa miguu haumtoshi, na ule mwendo wa mwili ambao ungemvusha hajawahi kuujenga. Nimewaona waendeshaji wenye mapafu ya kutisha, wanaoniacha kwenye kila mwinuko, wakishuka kwenye baiskeli mbele ya kizingiti ambacho watoto wenye pedeli za mia chache wanakiruka. Mapafu wanayo, na kliti imewaficha pengo lao.

Kisha kuna hofu, na hili waliozoea hulisahau. Mgeni wa kliti huanguka akiwa amesimama: gia imekuwa nzito, mwinuko umemshinda, baiskeli imekwama, na kabla hajakumbuka kuzungusha kisigino yuko ubavuni. Pale Karura utaangukia majani na kicheko cha wenzako. Kwenye njia nyembamba ya Usambara yenye bonde upande mmoja, hesabu ni nyingine. Wengi hujilinda kwa kutoa mguu mapema mno, wakashuka sehemu ngumu mguu mmoja umenasa na mwingine unatambaa juu ya kidude cha chuma kisicho na vijino. Hapo umelipia mifumo miwili na hutumii hata mmoja.

Mwenye kliti ana jibu zuri kwa hili: mwili hujifunza, na baada ya muda kutoka kunakuwa kama kupepesa jicho. Ni kweli. Sam Hill mwenyewe, kwenye mashindano ya dunia ya Val di Sole nchini Italia mwaka 2008, alikuwa akielekea ushindi mkubwa alipoanguka kwenye kona karibu na mwisho, akainuka na bado akawa wa tatu nyuma ya Gee Atherton na Steve Peat. Pedeli bapa hazikumzuia kuanguka. Zinachotoa ni uhuru wa kuutoa mguu kwenye kona bila kufikiri na kuurudisha bila kutafuta mdomo wa springi. Kwa mtu wa kiwango chake hiyo ni sehemu ya sekunde. Kwa anayeanza ni tofauti kati ya kujaribu kona na kuiogopa.

Sasa turudi kwenye njia zetu. Udongo mwekundu wa Lushoto wakati wa masika hujaza kliti na kukauka humo. Utakanyaga pedeli mara tano isinase, au inase isiachie. Miundo kama Eggbeater ya Crankbrothers, iliyo wazi pande nne, humudu tope vizuri zaidi, lakini hakuna inayolishinda kabisa. Pedeli bapa hupitisha tope kwenye matundu yake, ingawa soli iliyojaa udongo nayo huteleza. Tena sisi hutembea sana. Vilele vya Ngong vina sehemu ambazo wengi wetu tunasukuma, na soli ngumu ya kiatu cha kliti kwenye mwamba ni adha. Halafu kuna njia ya kufika mlimani: mtu anatoka nyumbani kwa baiskeli, anasimama kwa sababu ya matatu, bodaboda, ng'ombe wa jirani. Kila kusimama ni kisigino nje, kisigino ndani.

Kuhusu viatu, pedeli bapa inataka soli tambarare na laini, na hapo mitumba inatubeba. Viatu vya mtindo wa kuskeiti vinavyopatikana Gikomba au Karume vinauma vijino vizuri kuliko raba za kukimbilia zenye soli nene inayobonyea. Ukiwa na pesa, Five Ten, iliyonunuliwa na Adidas mwaka 2011, ilijenga jina lake kwa mpira wa viatu vya kupandia miamba. Kliti inataka kiatu chake, na kiatu cha saizi yako hakipatikani kila duka. Kliti zenyewe huisha, na skrubu hushika kutu. Skrubu moja ikidondoka, kiatu huzunguka peke yake huku kliti ikibaki imenaswa kwenye pedeli: unageuza kisigino mpaka mwisho na pedeli haiachii. Zikague kila unapoosha baiskeli.

Magoti nayo yana neno. Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika, kila goti linakunjuka mara 4,800 kwa saa. Kliti iliyofungwa vibaya inarudia kosa lilelile mara hizo zote, kwani inauacha mguu ucheze nyuzi chache tu. Kwenye pedeli bapa mguu hujitafutia pembe yake. Lakini mtu akifungiwa kliti na fundi anayejua, atakuwa na mguu mahali sahihi kila siku, jambo ambalo mwenye pedeli bapa analazimika kulisimamia mwenyewe.

Uamuzi wangu, kwa hiyo, hauko katikati. Anayeanza, aanze na pedeli bapa za chuma au nailoni zenye vijino, na asiziache mpaka aweze kuinua magurudumu yote mawili bila kuvutwa na kiatu. Wengi wetu wa mwisho wa wiki hatutakuwa na sababu ya kuziacha kamwe. Lakini kijana anayeitazama njia ya Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyemaliza wa 39 kwenye mbio za milimani za Olimpiki ya London 2012, au anayewinda mbio za siku nyingi kama Cape Epic, asidanganywe na mashabiki wa Hill. Huko kliti ni kifaa cha kazi, na atahitaji misimu kadhaa kuizoea kabla haijaacha kumchukulia mawazo.

Akihamia, alegeze springi ya pedeli mpaka karibu na mwisho, na kama ni SPD anunue kliti ya SH56, inayoachia hata mguu ukivutwa kwa pembe ya juu, badala ya SH51 inayotaka kisigino kiende pembeni. Azizoee kwanza kwenye uwanja wa majani. Na zile pedeli zenye kliti upande mmoja na ubapa upande wa pili, ambazo duka litakuambia zinamaliza ubishi, ni nzuri kwa kwenda kazini. Mlimani hujigeuza zenyewe kila unapoinua mguu, na upande unaoutaka huwa chini.